Kifaranga cha kambare kiuzwe na jina lake

Kifaranga cha kambare chenye urefu wa kidole hakitambuliki kwa kutupiwa jicho. Wote weusi, wote wana ndevu. Mtu wa Kasese au Bwera anayetafuta samaki wa tangi la kioo sebuleni huambiwa tu "ni male", analipa, anaondoka na mfuko wake wa maji. Sisi tunasema: muuzaji asiyejua ameshika samaki gani asiuze mpaka ajue.

Ziwa Edward, hapa mlangoni petu Katwe-Kabatoro, lina male (Clarias gariepinus) na semutundu (Bagrus docmak). Mito na vinamasi vya ukanda huu vina kambare mdogo, Clarias liocephalus, ambaye hukomea kwenye sentimita 30 hivi. Male hupita mita moja, humeza chochote kinachoenea kinywani, na kwa kuwa huvuta hewa anaweza kutoka majini akatambaa kwenye majani mabichi. Ukimnunua ukidhani ni yule mdogo, wenzake tangini wamekwisha.

Semutundu hasumbui. Mtazame mgongoni: pezi la kwanza ni fupi lenye mwiba, nyuma yake liko jingine refu la nyama tupu, na mkia umepasuka kama panda. Male na kambare mdogo wana pezi moja refu linalokaribia mkia, na mkia wa mviringo. Hao wawili ndio kazi. Male mkubwa ana mistari miwili ya giza chini ya kichwa. Male mchanga hana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Rangi nayo haifai kuwa ushahidi, kwani hubadilika kwa matope na kwa mwanga. Alama za kuaminika zimo kwenye mifupa ya kichwa na vijino vya matamvua, na kuvihesabu kwa samaki mdogo kunataka kioo cha kukuza, mara nyingi samaki akiwa amekufa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kuhusu wazazi. Kambare wa kufugwa kwa kawaida hutaga baada ya kuchomwa sindano ya homoni. Mtotoleshaji anamjua mama na anamjua baba. Aliyechota kwa wavu kinamasini hajui lolote, na mfuko wake una mchanganyiko.

Hata wataalamu waliwahi kuchelewa. Gogogo wadogo wenye madoa wa Ziwa Tanganyika waliuzwa miaka mingi Ulaya na Marekani kama aina ndogo ya Synodontis petricola. Mwaka 2006 Jeremy Wright na Lawrence Page wakaonyesha kuwa ni samaki mwingine kabisa, wakamwita Synodontis lucipinnis: mashina ya mapezi yake yana weupe, ya petricola ni meusi. Kufikia hapo wafugaji walikwisha kuwaweka tangi moja, na mtoto wa mchanganyiko huo hana jina la kweli la kuuzia.

Tunataka kila mfuko uandikwe jina la samaki na mahali alipototolewa au ziwa alikotoka. Kalamu na kipande cha karatasi vinatosha. Maofisa wa uvuvi wa wilaya waanze na wauzaji wa vifaranga, kwa sababu wafugaji wa mabwawa wanaumia kwa kosa hilohilo.

Na aliyechoshwa na samaki wake asimmwage Katunguru, kwenye mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George. Maziwa hayo hayana sangara. Maporomoko ya mto Semliki yamemzuia asipande kutoka Ziwa Albert, na nkejje wetu, samaki wadogo wa ziwani, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani, wamepona balaa lililowakuta wenzao wa Ziwa Victoria baada ya sangara kupandikizwa huko miaka ya 1950. Samaki asiyejulikana jina amrudishie muuzaji, au amchinje ale.