Ujira Kwanza, Kisha Sadaka

Saza ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika nchi ya miombo iliyo juu ya bonde la Ziwa Rukwa. Dhahabu ya nchi hiyo, iitwayo dhahabu ya Lupa, ilianza kutafutwa kwa bidii katika miaka ya 1920. Tangu mwaka 1939 hata 1956 mgodi wa New Saza ulikuwa mmoja wa migodi mikubwa ya Tanganyika. Ulipofungwa, wenyeji hawakuacha kuchimba. Na mwaka 2012 mgodi mwingine, New Luika, ulianza kutoa dhahabu katika nchi ile ile. Basi kwa muda wa karibu miaka mia mali imetoka katika udongo ule, na hata sasa wako watu ambao jioni hawana unga chunguni.

Wakristo wengi wakisikia habari hiyo husema dawa yake ni sadaka. Sadaka ni njema, lakini liko jambo linalotangulia sadaka.

Katika machimbo madogo dhahabu haipatikani kwa mkono wa mtu mmoja. Yuko mwenye duara, yaani shimo. Yuko mwenye fedha za baruti na chakula. Wako vijana wanaoshuka kwa kamba. Na juu wako akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo, pengine na mtoto mgongoni. Vijana wengi hawapewi mshahara, hupewa sehemu ya mawe. Mawe yasipokuwa na kitu, jasho lao limekwenda bure.

Mwenye duara naye ana neno lake, wala lisidharauliwe. Husema kwamba amewalisha vijana miezi mingi kabla ya kuona hata punje moja. Ni kweli. Kwa hiyo hadaiwi kugawa asicho nacho. Anadaiwa kufanya hesabu mbele ya macho ya wote, na ujira wa mama aliyeponda mawe leo autoe leo. Torati iliamuru hivyo: mtu maskini alipwe kabla jua halijachwa, kwa maana anautazamia ujira ule kwa chakula chake. Naye Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia hupiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika kwa Mungu.

Tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini, ambamo mchimbaji mdogo huona mizani na kujua bei. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mponda mawe hafiki huko. Soko lake ni pale penye karai, na mizani yake ni ulimi wa aliyemwajiri.

Tena iko sheria ya masazo. Mwenye shamba alikatazwa kuvuna hata pembe za shamba lake. Zile zilikuwa za maskini na mgeni. Ruthu Mmoabi, mjane na mgeni, hakufungiwa unga katika kitambaa akaambiwa ashukuru. Aliokota mwenyewe nyuma ya wavunaji, akapura jioni, akapata kama efa moja ya shayiri. Alirudi kwa mkwewe kama mtu aliyefanya kazi. Mawe yanayobaki kando ya duara yangeweza kuwa masazo ya namna hiyo kwa wajane wa Saza. Lakini kumwachia mjane mawe pamoja na zebaki, aishike kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na jiko lake, si huruma hata kidogo. Moshi wake ni sumu, nao huharibu mishipa ya fahamu.

Mwenye duara aletapo mchango wa bati za kanisa, wazee wana haki ya kumwuliza neno moja kabla ya kuliandika jina lake katika daftari: Je, walioponda mawe wamelipwa? Wazee wengine huogopa swali hilo, wakisema mtoaji atakasirika na kuhamia kanisa jingine. Yamkini atahama. Hapo bati zitachelewa, na ibada itafanywa chini ya mti hata masika mengine.