Kizuri hakijiuzi mbele ya jopo

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Bakari Mwinyimkuu

Katika malezi yetu hakuna mtoto asiyefunzwa kwamba kujisifu ni aibu, na kwamba muungwana huwaachia wenziwe wazitaje fadhila zake, ilhali yeye mwenyewe huinamisha macho na kusema kuwa walisaidiana. Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tumeipenda hata tukaifanya sheria. Sikusudii kuyavunjia heshima malezi hayo, kwani ndiyo yaliyotufanya watu. Ila nasema bayana kuwa kijana anayeingia nayo katika chumba cha usaili pasipo kujua namna ya kuyatumia hutoka mikono mitupu, na aliyempita aghalabu hakuwa bora kuliko yeye, bali alijua kueleza alichokitenda.

Haja ya kulisema jambo hili ni kubwa, kwa kuwa milango ni michache na wabishaji hodi ni wengi. Wasomaji watakumbuka Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipowaita waombaji wa nafasi 70 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na majukwaa yakafurika vijana zaidi ya 10,000. Siku hizi ajira nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002. Mwombaji hupita kwanza mchujo wa kuandika, pengine na wa vitendo, ndipo aitwe kwenye mahojiano ya ana kwa ana, naye hujigharamia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Mtu aliyepanda basi kutoka Kigoma hadi Dodoma, akalala nyumba ya wageni kwa fedha ya kukopa, akaamka alfajiri kupiga pasi shati na kupanga vyeti vyake halisi katika bahasha, huwa na dakika chache tu za kusikilizwa. Inaniuma kuona dakika hizo zikipotea kwa kukosa maarifa ambayo hayana gharama.

Upotevu wenyewe huanzia katika kudhani kuwa usaili ni mtihani wa kukariri. Vijana hurushiana katika makundi ya WhatsApp na Telegram majalada ya maswali na majibu yake, nao huyahifadhi neno kwa neno. Labda hilo lingefaa zama za Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, ambaye mwaka 1921 aliwapa waombaji wa kazi karatasi yenye maswali zaidi ya 100, mathalani ni nchi zipi zinazopakana na Ufaransa, hata magazeti yalipoyachapisha siri ikawa imekwisha. Elimu ya kuchagua watumishi imesogea mbele tangu hapo. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85, wakabainisha kwamba usaili uliopangwa, ambao waombaji wote huulizwa maswali yale yale na majibu yao hupimwa kwa kipimo kimoja, hubashiri utendaji wa mtu kazini vyema zaidi kuliko mazungumzo ya kiholela. Maana yake kwa msailiwa ni kwamba mbele yake wameketi watu wenye karatasi za alama, nao wanahitaji kusikia kitu cha kuandika. Ukisema wewe ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma, hujawapa kitu, kwa sababu aliyekutangulia amesema hayo hayo na anayekufuata atayarudia.

Tuanze na swali la kwanza, lile la kujieleza kwa ufupi. Kijana wetu, akishasalimu kwa taadhima, hujibu kwa kutaja mwaka na wilaya aliyozaliwa, kwamba ni mtoto wa tatu katika watoto sita, kisha shule ya msingi, kisha sekondari, mpaka mwenyekiti wa jopo amkatishe kabla hajafika chuoni. Asilolijua ni kwamba haulizwi nasaba yake. Anaulizwa ni jambo gani maishani mwake linalomfanya astahiki kuketi pale, na hilo hutosheka kwa dakika mbili: anafanya nini sasa au amehitimu nini, ametenda lipi linalofanana na kazi anayoiomba, na kwa nini kazi hii hususan ndiyo aliyoiendea.

Hapo ndipo wengi husema, lakini mimi sina uzoefu. Tuseme binti amehitimu stashahada ya uhasibu, akakaa miaka miwili pasipo ajira, na katika miaka hiyo akawa anamsaidia shangazi yake katika duka la unga na mafuta ya kula pale Kariakoo. Akiulizwa uzoefu wake atasema hana, kwa sababu machoni pake lile ni duka la shangazi. Walakini ukimhoji kwa utulivu utamsikia akieleza kuwa alipofika alikuta hesabu ya jioni hailingani na mauzo, kwa sababu mali iliyokopeshwa ilikuwa haiandikwi mahali pamoja. Kwamba alifungua daftari la wadeni, akaweka safu ya tarehe, ya mali, ya kiasi na ya saini ya mdeni. Kwamba fedha ya simu aliitenga na fedha taslimu na kuzihesabu mbalimbali. Kwamba mteja mmoja mkubwa alikasirika kutakiwa saini, naye akamweleza kwa upole hata akaridhia. Na kwamba mwezi ulipomalizika shangazi alijua anamdai nani na kiasi gani. Binti huyo ana jibu la swali la uzoefu, na la swali la tatizo alilowahi kulitatua, na la swali la namna anavyokabiliana na mteja mgumu, tena hakuna hata moja kati yake linalopatikana katika jalada la WhatsApp.

Tena hakujisifu. Ameeleza hali aliyoikuta, wajibu uliomwangukia, alilolifanya na natija yake, akawaachia wasikilizaji wahukumu. Hivi ndivyo adabu ya malezi na haja ya jopo zinavyoweza kukaa nyumba moja: sifa ni dai, na tendo ni ithibati, naye mwenye ithibati hahitaji kupaza sauti. Sharti lake ni kwamba asijifiche nyuma ya wenziwe. Vijana wetu husema tulifanya, tuliandaa, tulitatua, kwa unyenyekevu ulio wa kweli, na jopo hubaki halijui yeye alishika lipi. Awape wenziwe haki yao, kisha aseme wazi, sehemu yangu ilikuwa hii.

Swali la udhaifu limeharibiwa na washauri wabaya. Wamewafunza vijana kujibu kwamba udhaifu wao ni kufanya kazi kupita kiasi, jibu ambalo kila mjumbe wa jopo amelisikia hata limemchosha, nalo humvika msema kweli vazi la mnafiki. Mtu ataje upungufu wa kweli, usiokuwa ndio mhimili wa kazi anayoiomba, na aeleze anavyoutibu. Anayeogopa kuzungumza mbele ya watu aseme hivyo, aongeze kuwa amejitolea kusoma taarifa za kikundi chake cha kuweka na kukopa kila mwezi ili aizoee hofu ile. Sioni jibu lenye nguvu kuliko hilo.

Kuhusu sababu ya kuacha kazi ya awali, ukweli mfupi unatosha, wala mwajiri aliyepita asisengenywe, hata kama alidhulumu. Anayeulizwa atakuwa wapi baada ya miaka mitano hana kosa kusema Mungu akijalia, ila baada ya kumtaja Mola ataje na ujuzi anaotaka kuupata.

Mshahara ni jambo jingine. Serikalini tangazo lenyewe hutaja ngazi, kwa hiyo mjadala huo si mkubwa. Ni katika makampuni na mashirika binafsi ambako kijana huulizwa anataraji kiasi gani, naye kwa haya hujibu kuwa chochote atakachopewa atashukuru. Nalipinga jibu hilo kwa nguvu zangu zote. Mwenye kusema chochote hupewa kidogo, na hicho kidogo huwa ndicho msingi wa kila nyongeza itakayofuata. Aulize mapema kwa walio katika fani yake, ajue kazi kama ile hulipwa kiasi gani mjini, ataje kima cha chini na cha juu na sababu yake, kisha anyamaze amsikilize mwenzake.

Mwishoni huulizwa kama naye ana swali, na wengi hujibu hapana, ahsanteni, wakidhani ndiyo heshima. Aulize aliyeajiriwa hupimwa kwa lipi katika miezi yake ya mwanzo. Aulize pia majibu yatatolewa lini na kwa njia gani. Swali hili la pili nawaelekezea na wanaoketi upande wa pili wa meza. Katika ajira za Sekretarieti, aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa katika kanzidata na huweza kupangiwa kazi baadaye. Lakini katika ofisi nyingi binafsi kijana huambiwa tutakupigia, akakaa miezi akiitazama simu, na hakuna anayempigia. Ujumbe mfupi wa kumwambia hukupata hauizidi hazina ya kampuni yoyote, nao humruhusu mtu kuelekea penginepo. Makampuni yanayoacha kuutuma yaanze wiki hii.