Neimani mpya, gari bubu: ufunguo wa zamani usitupwe

Mafundi wa garaji za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanakijua vizuri kisa hiki. Minibasi inaingia garajini kwa sababu neimani, yaani kitasa cha kontakti, imechoka. Vumbi la barabara limejaa ndani, rundo zito la funguo limening'inia humo miaka mingi, na sasa ufunguo unakwama asubuhi wakati abiria wamekwisha kupanda. Fundi anang'oa neimani ya zamani na kuweka mpya, iliyonunuliwa sokoni pamoja na funguo zake mbili. Ufunguo mpya unazunguka laini. Taa za tablo zinawaka, demarere inazungusha injini. Lakini injini haishiki. Ama inashika sekunde moja au mbili, kisha inazima. Kwenye tablo, taa ndogo yenye alama ya ufunguo inamweka bila kuacha.

Hapo ndipo lawama zinaanza. Shofere anasema fundi ameharibu gari. Fundi anasema neimani ya sokoni ni ya bandia. Mwenye gari anataka hesabu yake ya jioni, gari itembee isitembee. Siku ya pili pampu ya mazuti inafunguliwa, siku ya tatu injekta zinatolewa, siku ya nne mtu anashauri inunuliwe kompyuta nyingine ya injini. Pesa zinaondoka, na injini ambayo haikuwa na ugonjwa wowote inaendelea kukaa kimya. Gari imekataa ufunguo usioujua, basi. Inafanya kazi iliyotengenezewa.

Gari za kizazi hiki zina vitasa viwili. Cha kwanza ni cha chuma, kinachofunguliwa na meno ya ufunguo. Cha pili hakionekani; Wafaransa wanakiita antidemaraje. Ndani ya kichwa cha ufunguo wa asili, chini ya plastiki, kuna chipu ndogo: pengine kichupa cha kioo kinachokaribia ukubwa wa punje ya mchele, pengine kipande cheusi kama ukucha wa mtoto. Kwa kawaida chipu hiyo haina betri. Kuzunguka mdomo wa neimani kuna pete ya waya wa shaba. Kontakti ikiwashwa, pete inatoa nguvu kidogo ya redio, chipu inaamka na kujitambulisha. Kisanduku cha antidemaraje kinalinganisha jibu hilo na yale yaliyomo katika kumbukumbu yake. Likijulikana, injini inapewa ruhusa. Lisipojulikana, mafuta yanafungwa.

Sasa neimani ya sokoni inakuja na funguo za namna gani? Mara nyingi ni chuma tupu, bila chipu. Na hata zikiwa na chipu, ni chipu ambayo gari haijapata kukutana nayo. Kwa hiyo kitasa cha chuma kinafunguka, cha pili kinabaki kimefungwa. Kubadilisha neimani hakubadilishi kumbukumbu ya gari.

Kinga hii ilizaliwa kwa ajili ya wezi wa Ulaya. Tangu Oktoba 1998, Umoja wa Ulaya unadai kila gari jipya la abiria la watu binafsi liwe nayo, na watengenezaji waliiweka pia katika vani zao. Australia ilifuata mwaka 2001, Kanada mwaka 2007. Magari hayohayo, yakiisha kuzeeka huko, yanashushwa Mombasa au Dar es Salaam na kupanda hadi Kivu na Ituri. Mafundi wengi wa hapa waliusoma ufundi wao kwenye gari za zamani kama Mercedes 207, ile ambayo Kinshasa waliibatiza « esprit de mort ». Katika gari ile, nyaya mbili zilitosha kuamsha injini. Elimu hiyo haijapoteza thamani, lakini haitoshi tena mbele ya Sprinter inayoandika « START ERROR » kwenye tablo yake.

Kwa bahati nzuri, kipimo cha kwanza hakigharimu hata franga moja. Ufunguo wa zamani unashikwa kichwa chake kikigusa pete ya neimani, huku ufunguo mpya ukizungushwa. Injini ikishika na kuendelea, jibu limepatikana: pampu ni nzima, injekta ni nzima, kinachokosekana ni chipu. Ikikataa hata hapo, macho yaende kwenye pete. Je, ilibaki kwenye neimani ya zamani iliyotupwa pembeni? Je, plagi yake ilirudishwa? Je, waya wake ulikatika ilipokuwa ikibanduliwa kwa bisibisi? Kipimo cha umeme kinajibu swali hilo la mwisho kwa dakika moja. Bateri nayo ijazwe kwanza, kwa maana umeme ukiwa dhaifu visanduku hivi vinatoa majibu ya ovyo. Na ufunguo wa gari nyingine wenye chipu, ukining'inia kwenye rundo lilelile, uondolewe, kwa sababu unaweza kuvuruga mazungumzo ya pete na chipu.

Dawa zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kuhamisha chipu: kichwa cha ufunguo wa zamani kinafunguliwa polepole, chipu inatolewa bila kuivunja, inawekwa ndani ya kichwa cha ufunguo mpya. Ya pili inadai fundi wa vitasa mwenye mkono mtulivu: anapanga upya vibati vya ndani ya neimani mpya ili vifuate meno ya ufunguo wa zamani. Faida yake ni kwamba milango na kontakti vinabaki na ufunguo mmoja, na shofere hatembei na rundo la funguo kama mlinzi wa gereza. Ya tatu ni kuifundisha gari chipu mpya kwa mashine ya kupima. Hapo kila kampuni ina desturi yake. Volkswagen nyingi za zamani zinadai namba ya siri yenye tarakimu nne. Toyota nyingi zinadai ufunguo mkuu wanaoutambua tayari, ndipo zikubali mwingine. Funguo zote zikiwa zimepotea, kazi inakuwa kubwa: kisanduku kinatolewa na kumbukumbu yake inaandikwa upya. Na yeyote anayefikiri atabahatisha namba ya siri ajue kwamba baadhi ya gari zinajifunga kwa muda zikipewa namba ya uongo, na kila kosa linaongeza muda wa kungoja.

Ukitazama dawa hizo tatu, mbili za kwanza ni rahisi na zote mbili zinategemea kitu kimoja: ufunguo wa zamani uwepo. Ndicho kitu ambacho garaji nyingi zinakitupa kwanza, pamoja na neimani iliyokufa, kana kwamba ni chuma chakavu.

Wapo wanaosema njia fupi ni kuiua antidemaraje kabisa. Hoja yao ina uzito. Shofere anayeishi kwa kazi ya siku moja hawezi kungoja wiki mbili kwa sababu ya chipu. Barabara zenyewe zinatosha kumtesa. Tena kinga hiyo si kamilifu: mwaka 2013 mahakama kuu ya London ilizuia watafiti kuchapisha udhaifu wa chipu moja iliyotumiwa na Volkswagen na kampuni nyingine, na utafiti huo ulitoka mwaka 2015 tu. Kama wataalamu waliweza kuipita, kwa nini shofere wa Butembo aiheshimu?

Lakini gari iliyouawa antidemaraje inarudi kuwa kama ile 207: mwizi anahitaji bisibisi na nyaya mbili tu. Kwa familia nyingi minibasi ndiyo shamba, ndiyo karo ya watoto, ndiyo deni la benki au la likelemba. Kuiacha wazi usiku ili kuokoa kazi ya mchana mmoja ni hesabu mbaya. Tena kazi hiyo ikifanywa vibaya, nyaya zilizokatwa na kufungwa kwa selotepu zinaleta hitilafu nyingine miezi mitatu baadaye, na fundi atakayekuja nyuma hataelewa aanzie wapi. Kuiua kuwe njia ya mwisho kabisa, kwa idhini ya maandishi ya mwenye gari, akiwa amejua anachokipoteza.

Mzigo huu usiwekwe juu ya fundi peke yake. Mwenye gari naye ana sehemu yake, tena kubwa. Wakati wa kununua, watu wanapiga matairi teke, wanasikiliza injini, wanatazama rangi, wanabishana bei hadi jioni. Wangapi wanauliza ufunguo wa pili uko wapi? Wangapi wanauliza kama kadi ya namba ya siri ilikuja pamoja na karatasi? Anayenunua gari yenye ufunguo mmoja bila namba amenunua gari pamoja na tatizo lililolala. Afadhali aongeze chipu ya pili mapema, akiwa bado na ule mmoja unaojulikana, kuliko kungoja upotee njiani.

Wauzaji wa magari ya mitumba nao waache kukabidhi ufunguo mmoja na kunyamaza. Ufunguo wa pili na namba ya siri ni sehemu ya gari sawa na gurudumu la akiba, na vingepaswa kuandikwa kwenye karatasi ya mauzo kando ya namba ya chasi. Mnunuzi asiyeviona apunguze bei. Soko likizoea hivyo, wauzaji watajifunza haraka kuviuliza huko wanakonunua.

Inabaki elimu. INPP inafundisha mekanika, na mji kama Goma una ITIG na Don Bosco Ngangi, ambako vijana wanajifunza ufundi. Kijana anayetoka shuleni leo atakutana na chipu kabla ya kukutana na kabureta. Apewe kipimo cha umeme mkononi mapema kama anavyopewa spana. Mashine ya kupima ni ghali kwa fundi mmoja, lakini garaji tano za mtaa mmoja zinaweza kuichangia kama watu wanavyochanga likelemba, na kila moja ikalipa kwa kadiri inavyoitumia. Leo, kukosa mashine hiyo ndiko kunakomfanya fundi afungue pampu nzima ili kutafuta kosa lililoko kwenye pete ya waya.

Wakati hayo yakingojewa, kila garaji inaweza kuanza na desturi moja isiyodai pesa. Kabla ya kugusa neimani, fundi aulize funguo zote za gari, ajaribu kila moja, aandike kwenye karatasi ipi inawasha injini. Pete ya antidemaraje ihamishiwe kwenye neimani mpya mbele ya macho ya shofere. Na kazi ikiisha, neimani ya zamani na ufunguo wake virudishwe mkononi mwa mwenye gari ndani ya mfuko, naye avitunze mahali anapotunza karatasi za duane. Ufunguo ule ulioshindwa kuzunguka unaweza bado kuwa ndio pekee ambao gari inaujua.