Mahindi, Ustaarabu na Mimba

Mwanafunzi mmoja wa historia aliomba ruhusa ya kutafiti habari za upishi wa mahindi na afya ya waja wazito. Walimu wake walimjibu kuwa mahindi ni kazi ya idara ya kilimo. Alipokwenda kwa watu wa kilimo aliambiwa kuwa wao hutazama mbegu, udongo na wadudu. Yanayotokea baada ya gunia kushonwa mdomo si shauri lao. Watu wa tiba walimwuliza kama ana shahada ya udaktari. Basi alirudi alikotoka, akaandika juu ya mfululizo wa magavana wa zamani, akafaulu vizuri. Nilikuwa mmoja wa walioona jinsi alivyozungushwa, nami nilinyamaza. Nayasema sasa niliyopaswa kuyasema siku ile.

Sigombani na ubingwa. Mtu hawezi kujua kila kitu, na fundi wa kila kazi aghalabu si fundi wa hata moja. Ninachogombana nacho ni itikadi kwamba mipaka tuliyoichora wenyewe kati ya idara na idara, kwa sababu ya fedha na ratiba, imo pia katika maumbile ya vitu. Haimo. Punje ya mahindi haijui kuwa ni kilimo ikiwa shambani, ustaarabu ikiwa mekoni, na tiba ikiwa tumboni mwa mama. Ni punje ile ile moja, na mtu aifuataye nusu ya njia hurudi na nusu ya habari.

Natoa ushahidi. Jina tulilolipa zao hili laweza kumfanya mtu adhani kuwa asili yake ni Bara Hindi, lakini mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita. Watu wa nchi zile, ambao baadaye walijenga miji na mahekalu yanayosifiwa katika kila kitabu cha ustaarabu wa dunia, walizoea kuchemsha punje katika maji ya chokaa au ya majivu kabla ya kuzisaga. Mahindi yaliyopikwa hivyo, katika lugha ya Kinahuatl, huitwa kwa jina lenye neno la majivu ndani yake. Desturi hii huonekana kuwa jambo dogo la mekoni. Walakini mahindi yana vitamini iitwayo niasini, ambayo imefungwa ndani ya punje hata mwili wa binadamu hauwezi kuitwaa. Chokaa huifungua, na juu ya hayo hukiongezea chakula kalsiamu. Aliyegundua siri hiyo hana sanamu wala ukurasa katika vitabu vyetu vya wafalme. Mimi nadhani alikuwa mwanamke, na nadhani ndiyo sababu hana ukurasa.

Baada ya mwaka 1492 Wazungu walichukua mbegu wakaacha chungu. Zao lilistawi katika Hispania na Italia, likawa chakula cha maskini. Na palipokuwa hapana kitoweo cha kuliandama, ugonjwa ulifuata. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal aliuona katika jimbo la Asturias: ngozi kubabuka palipopigwa na jua, kuharisha, akili kuvurugika, kisha kifo. Waitaliano waliupa jina la pelagra. Wataalamu walishitaki mahindi yaliyooza, wakashitaki vijidudu, wakashitaki damu mbaya za ukoo. Joseph Goldberger, daktari wa serikali ya Marekani, alitumwa mwaka 1914 kuuchunguza katika majimbo ya kusini, akaona katika nyumba za mayatima na za wendawazimu kuwa wagonjwa walikuwa wakazi, si walezi wao. Akatambua kuwa ni chakula. Wengi hawakumsadiki, hata akajidunga damu ya wagonjwa ili kuthibitisha kuwa maradhi hayo hayaambukizi. Niasini yenyewe haikutambuliwa kuwa ndiyo dawa mpaka mwaka 1937. Tangu Casal ilikuwa imepita miaka 202, na muda wote huo jibu lilikuwa likichemka katika vyungu vya Meksiko.

Nitaambiwa kuwa hayo ni makosa ya zama za giza. Si kweli. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra zaidi ya 17,000, na wanawake walipatwa zaidi sana kuliko wanaume. Posho yao ilikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikuwa zimekatika. Miaka 53 baada ya dawa kujulikana! Mahindi yalihesabiwa kwa tani, na kwa hesabu ya tani yalitosha.

Au tazama mfano wa wataalamu wa mbegu. Mwaka 1964 ilitangazwa Marekani kuwa imepatikana aina ya mahindi yenye laisini nyingi, yaani sehemu ile ya protini ambayo mahindi ya kawaida huikosa. Maabara ilishangilia. Shambani, punje zake zilikuwa laini kama unga, wadudu walizipenda, mavuno yalipungua, wakulima wakazikataa. Mambo yalitengenea pale Surinder Vasal, mzalishaji wa mbegu, na Evangelina Villegas, mwanakemia wa nafaka, walipofanya kazi bega kwa bega huko Meksiko kwa miaka mingi, mmoja akipanda na mwingine akipima, mpaka wakapata punje ngumu yenye protini njema. Mwaka 2000 walitunukiwa pamoja Tuzo ya Chakula ya Dunia. Nani angewasajili hao wawili katika idara moja hapa petu?

Sasa nigeukie mimba, ambayo watu wa tiba hudhani kuwa ni milki yao peke yao. Lucy Wills alisoma kwanza elimu ya mimea na miamba huko Cambridge, kisha ndipo alipokuwa daktari. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuchunguza upungufu mkubwa wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Hakuishia kupima damu. Alipima vyakula vyao, akauliza nani hula nini na nani hawezi kukinunua. Mwaka 1931 alichapa habari kwamba dondoo ya hamira, kitu cha bei rahisi, huwaponya. Kilichokuwamo ndani yake kilikuja kutolewa katika majani ya mchicha mwaka 1941 na kuitwa asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini la jani. Kisha, mwaka 1991, majaribio ya wanawake 1,817 katika nchi 7 yalionyesha kuwa asidi hiyo, ikiliwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, huzuia karibu robo tatu ya marudio ya watoto kuzaliwa na mgongo wazi au bila ubongo kamili. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga katika siku 28 hivi za kwanza, wakati ambapo mama wengi hawajajua kama wamechukua mimba. Kliniki humwona mama akiwa amekwisha chelewa. Sufuria humwona kila siku.

Katika miaka ile ile ya 1990 na 1991, kusini mwa Texas, karibu na mpaka wa Meksiko, walizaliwa watoto wengi kupita kawaida wasio na ubongo kamili. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2006 uliitazama fumonisini, sumu ya ukungu wa mahindi, katika mikate ya mahindi waliyokula mama wa eneo hilo la mpakani, na ukaona uhusiano. Sumu hiyo huzuia chembe za mwili zisipokee foliki. Marekani ilipolazimisha foliki itiwe katika unga wa ngano na nafaka nyinginezo mwaka 1998, unga wa mahindi ya chokaa haukuwamo katika amri. Ruhusa ya kuitia, ruhusa tu wala si amri, ilitoka mwaka 2016. Mwanahistoria yeyote wa Meksiko angaliweza kuwaambia watunga sheria ni unga upi unaoliwa na mama wale.

Nirudi kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu, ambayo wengine huiita sumukuvu. Waliougua walihesabiwa 317, wakafa 125. Sumu hiyo hupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto aliye tumboni. Na humo humo katika nchi ya Wakamba mna chakula cha kale kiitwacho muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwa kinu hata ganda likatoka. Watafiti wa Kenya walichapa mwaka 2008 matokeo kwamba kule kukoboa kwenyewe huipunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Hapo bibi wa Kikamba na maabara wamekutana.

Lakini ganda na kiini vikiondoka, huondoka pia vitamini na madini ambayo mwenye mimba anayahitaji kuliko mtu yeyote. Je, mama wa Makueni akoboe au asikoboe? Akikoboa, arudishe nini chunguni badala ya alichokitupa: kunde, mboga za majani, maji ya majivu? Mtu wa kilimo anajua sumu, mtu wa tiba anajua mimba, na mtu wa historia angeweza kujua mama wa zamani walikula muthokoi na nini. Swali hili halina idara. Lilikuwamo katika ukurasa wa pili wa ombi la yule mwanafunzi.