Kuukuu au kongwe? Neno linalosamehe motokari za London

Mjini London neno moja kwenye hati ya motokari lina thamani ya pauni 12.50 kwa siku. Neno lenyewe ni «historic». Motokari ambayo daftari la serikali limeiweka katika fungu hilo inaingia mjini na kutoka bila kulipa ada ya moshi. Chukua Mercedes 240D ya mwaka 1983, dizeli ambayo sehemu nyingi za Afrika ziliijua kama teksi, isiyo na kichujio chochote cha masizi: hailipi. Jirani mwenye dizeli ya mwaka 2012, yenye kichujio, analipa. Nasema sheria imekosea, na imekosea mahali ambapo sisi wa kitivo cha lugha tuna haki ya kusema kitu, yaani katika kuchagua neno.

Kwanza mambo yenyewe. Ada hii, inayoitwa ULEZ, ilianza tarehe 8 Aprili 2019 katikati ya mji. Tarehe 25 Oktoba 2021 ikapanuliwa hadi kwenye barabara za mzunguko za kaskazini na kusini, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 inashika wilaya zote za London. Inatozwa usiku na mchana, kila siku isipokuwa Krismasi, kwa hiyo anayeendesha mwaka mzima analipa pauni 4,550. Motokari ya petroli lazima ifikie kiwango cha Euro 4, ambacho kwa kawaida ni cha zile zilizotoka tangu 2006. Ya dizeli ifikie Euro 6, ambayo kwa kawaida ni zile zilizoandikishwa tangu Septemba 2015. Hapo sheria inaongea lugha ya kemia: oksidi za nitrojeni, masizi, gramu kwa kilomita. Ikifika kwenye msamaha inabadilisha lugha ghafla na kuongea lugha ya siku ya kuzaliwa. Motokari ikipita miaka 40 tangu kuundwa, mwenyewe anaomba ihamishiwe fungu la «historic», na ikishahamishwa, maadamu haifanyi biashara, gramu hazihesabiwi tena. Katikati linabaki shimo: motokari nyingi za miaka ya 1990, na dizeli nyingi zilizofuata, ni changa mno kuheshimiwa na kuukuu mno kukubalika. Ni zile ambazo mtu wa mshahara mdogo anaweza kuzinunua.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo Kiingereza cha sheria hiyo kingeyahitaji. Nguo kuukuu, jembe kuukuu: kitu kimetumika, kimechoka, thamani imepungua. Mwimbaji mkongwe, mti mkongwe: umri umeongeza heshima. Mtaani kwetu tunasema tu «motokari ya zamani» na mambo yanaendelea, lakini tofauti iko, na hakuna anayeambia babu yake kwamba ni kuukuu. Kitu hakiwi kikongwe kwa kalenda peke yake. Lazima kuwe na mtu aliyekitunza na watu wanaokitambua. Sheria ya London inachukua kuukuu na kuibatiza kongwe siku inapotimiza miaka, bila kuuliza lolote juu ya utunzaji wala matumizi.

Wengine wameuliza. Wajerumani wanaita motokari hizi «Oldtimer», neno lenye sura ya Kiingereza ambalo Mwingereza akilisikia anafikiria mzee fulani wa mtaa. Neno lina ucheshi, lakini sheria yake ni kali zaidi. Kupata sahani yenye herufi H, motokari iwe na miaka 30, halafu mtaalamu aikague na kuthibitisha kwamba imetunzwa vizuri na haijaacha umbo lake la asili. Ni kwa herufi hiyo inaruhusiwa kuingia katika eneo la hewa safi la Berlin, lililoanza 2008. Wabelgiji wanaoongea Kifaransa wanasema «ancêtre», yaani mhenga, na hilo kwa sikio la Mwafrika ni neno zito kabisa. Mhenga wa Ubelgiji anabeba sahani inayoanza na herufi O, na sahani hiyo ina masharti: motokari haifanyi kazi ya kulipwa, haimpeleki mwenyewe kazini kila siku, haipeleki mtoto shule. Inatoka kama mzee anavyotoka, siku ya sherehe. Mpangilio huo unanipendeza kuliko wote, kwa sababu unatafsiri heshima kuwa mwenendo.

Uingereza yenyewe inajua tofauti hii. Tangu Mei 2018 motokari yenye zaidi ya miaka 40 inasamehewa ukaguzi wa kila mwaka, lakini tu ikiwa haikubadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo swali la asili liliweza kuandikwa katika sheria. Kwenye ada ya moshi halikuandikwa.

Mtu atasema: motokari hizi ni chache, zinatoka Jumapili, na kutengeneza motokari mpya nako kunachafua. Nakubali yote matatu. Mwenye Morris Minor anayeipangusa wiki nzima ili aizungushe mara moja hanisumbui hata kidogo, na mji usio na kitu cha zamani barabarani ungekuwa mji wa huzuni. Ila hoja hiyo inasimama juu ya neno «Jumapili», na neno hilo halimo katika sheria. Siku hizi matangazo ya kuuza motokari hizi yanaitaja ULEZ waziwazi: hailipi. Zamani muuzaji alisifu rangi, injini, mikono iliyoitunza. Msamaha ukishakuwa sifa ya bidhaa, mnunuzi mpya si yule mpenzi wa Jumapili. Ni mtu anayepiga hesabu ya kwenda kazini kila asubuhi bila kulipa.

Na hesabu hiyo siwezi kumcheka anayeipiga. Siku ya ada inaanza saa sita usiku na kuisha saa sita usiku unaofuata. Anayesafisha ofisi usiku, akaondoka nyumbani saa nne na kurudi alfajiri, ametumia siku mbili: pauni 25 kwa zamu moja, ikiwa motokari yake imo katika lile shimo. Mkongomani mwenzetu aliye katika hali hiyo akiuliza kama anunue motokari ya mwaka 1984 ili apumue, ningemjibu hivi. Usinunue kwa maneno ya muuzaji, soma hati: miaka 40 peke yake haitoshi, lazima fungu la kodi liwe limebadilishwa. Mlango unafunguliwa kila tarehe 1 Aprili. Iliyoundwa 1985 inaingia tarehe 1 Aprili 2026. Msamaha huo haugusi ada nyingine ya msongamano katikati ya mji, ile utailipa kama kawaida. Motokari yenyewe haina mifuko ya hewa, kutu inakula chini ambako huoni, na vipuri vinatafutwa kwa tochi. Kama unaipenda, ichukue, na chagua ya petroli. Kama huipendi, basi unanunua karatasi iliyofungiwa magurudumu, na pauni ulizookoa mlangoni utampelekea fundi.

Ningemwambia pia habari ya Ella Adoo-Kissi-Debrah. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, wa Lewisham, mwenye pumu kali, aliyeishi karibu sana na barabara ya mzunguko ya kusini. Alifariki Februari 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake, na ilikuwa mara ya kwanza Uingereza uamuzi wa namna hiyo kutolewa. Mwaka uliofuata eneo la ada lilipopanuliwa, mpaka uliwekwa kwenye barabara hiyohiyo, na barabara yenyewe ikaachwa nje hadi 2023. Mpaka wa eneo ni mstari kwenye ramani, na fungu la «historic» ni mstari kwenye daftari. Mapafu hayasomi ramani wala daftari.

Pendekezo langu kwa Waingereza, kama wangeniuliza, ni sentensi moja tu ya Kibelgiji iongezwe: motokari ya fungu hilo isiwe ya kwenda kazini wala shuleni. Wapenzi wa kweli hawatapoteza kitu. Na fedha za wanaojifanya wapenzi zimpunguzie ada mfanya kazi wa usiku, angalau ahesabiwe zamu moja kama siku moja. Bila hivyo mambo yatakuwa mabaya kila Aprili, kwa sababu mstari wa miaka 40 unatembea. Hadi 2014 ulikuwa umegandishwa: zilizoundwa kabla ya 1973, basi. Sasa unafungulia mwaka mmoja baada ya mwingine, na miaka inayokuja ni ile ambayo dizeli ya Ulaya ilikuwa imeshakuwa motokari ya kila familia.

Limebaki suala letu la kitivo, maana kuna siku mmoja wetu atapewa sheria kama hiyo aitafsiri. «Motokari ya kihistoria» ndiyo tafsiri inayokuja mdomoni kwanza, nayo inadanganya: msomaji atafikiria iliyombeba Lumumba. «Motokari kongwe» ni nzuri mno. Kwa sahani ya H ya Mjerumani ningeandika «kongwe» bila wasiwasi. Kwa fungu la London ningeandika «motokari iliyopita miaka 40», nisiongeze sifa yoyote.