Kuiweka Chini Kazi Isiyokwisha



Juma hili tutafakari namna tunavyojisemesha jioni, kazi inapokuwa haijakwisha. Mwalimu husahihisha madaftari hadi usiku wa manane. Mama lishe huamka saa kumi alfajiri. Na wote wawili hulala wakijiona wavivu. Je, lawama hiyo huongeza kazi? La hasha. Huiba usingizi, na kesho yake mikono ni ileile lakini akili imechoka.

Uchovu huu si jambo dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walifariki mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma.

Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake katika karne ya 6, aliuona uvivu kuwa adui. Hata hivyo aliigawa siku: saa za kazi ya mikono, saa za kusoma, na wakati wa joto pumziko baada ya mlo wa mchana. Tena aliagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, mtawa aweke chini alichonacho mkononi, hata kama hakijakamilika. Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na hospitali na karakana zao twazifahamu. Kengele haikuizuia kazi, iliilinda.

Nasi tujiwekee kengele. Asubuhi tuchague kazi mbili tatu zilizo za lazima, tuanze na iliyo ngumu akili ingali mbichi, simu ikiwa mbali. Tupumzike kabla hatujaishiwa nguvu. Jioni tuandike kilichobaki, kisha tulale. Mkulima hapalilii shamba zima kwa siku moja. Hukumbuka alipoishia, akarudi kesho.

Wapo watakaosema kwamba kujihurumia ni mlango wa uvivu. Sivyo. Mvivu hukwepa kuanza. Anayejihurumia hupata nguvu ya kuanza tena. Ndugu akitujia amechoka, hatumkaripii; twampa kiti na maji. Mbona nafsi zetu tunazinyima kiti hicho?

Na wale tulio na wasaidizi wa nyumbani, tukumbuke kwamba wao hawawezi kujipigia kengele. Ni sisi wa kuwapigia.

Tunawatakia Dominika njema, yenye pumziko la kweli.