Paka Anayerusha Mkojo Ukutani: Twahara ya Nyumba na Haki ya Mnyama



Tumepokea barua ya mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyetutaka tusilitaje jina lake. Ana paka dume wa miaka minne, aliyemlea tangu hajafumbua macho. Tokea mwezi wa Rajabu paka huyo amekuwa akirusha mkojo ukutani, kwenye pazia la sebule, na mara mbili pembeni mwa mswala. Mumewe amechoka. Ameweka gunia nyuma ya mlango, akasema kwamba mambo yasipotulia kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, atamvusha paka kivuko cha Likoni na kumwacha huko. Mavyaa wake, aliyehamia kwao mwezi huo huo wa Rajabu ili awe karibu na hospitali, anasema paka amepandwa na jini, na amekwisha kupatikana mtu wa kumtoa kwa shilingi 3,000. Mama huyu anatuuliza mambo mawili: swala alizoziswali katika sebule hiyo zina hukumu gani, na je, akinyamaza paka akatupwa, ana dhambi?

Tutaanza na la swala, kwa kuwa ndilo lililomkosesha usingizi.

Paka mwenyewe si najisi. Sahaba Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, na alipomwona mkwewe Kabsha akimtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mnyama huyu hanajisi, kwani ni katika wanaotuzungukia majumbani mwetu. Mate yake na nyayo zake hazikuharibii udhu wala mswala. Lakini wako waliolichukua jambo hili wakalivusha mpaka, wakadhani kila kitokacho kwa paka ni safi. Sivyo. Mkojo wake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi. Ni najisi ya wastani, haihitaji kuoshwa mara saba wala kutiwa udongo, bali huondolewa yenyewe kwanza, kisha mahali pake pakapitishiwa maji mpaka rangi, harufu na ladha ya najisi ziondoke. Ukisugua kwa juhudi na ikabaki harufu peke yake, au rangi peke yake, ambayo haitoki ila kwa mashaka, hilo limesamehewa.

Kwa hivyo dada yetu asihesabu swala zilizopita. Ile sehemu ya zulia ambayo hana yakini kwamba iliguswa, asili yake ni twahara, na shaka haina nguvu ya kuiondoa asili hiyo. Tena najisi iliyo upande mmoja wa zulia haibatilishi swala ya anayeswali upande mwingine, maadamu mwili wake na nguo zake hazikuigusa. Na akitandika mswala safi juu ya mahali palipokwisha kukauka, swala yake inasihi. Tunamwomba asiufungulie mlango wasiwasi, kwani akina mama wengi tunaowajua walianza na tone la mkojo wa paka wakaishia kukoga mara tano kwa siku.

Sasa tuje kwenye usafi wenyewe, na hapa tutawaudhi baadhi ya wasomaji wetu. Udi hautwaharishi. Wala ubani, wala marashi, wala ile dawa ya kupuliza yenye harufu ya waridi. Tumeingia majumba ambayo chetezo hakizimwi kuanzia Alasiri hadi Isha, na chini ya moshi ule mkojo uko palepale pazia lilipo, kwa hukumu ya sharia na kwa pua ya paka pia. Pua yake ni kali mno kuliko yetu. Akiisikia harufu yake ya jana chini ya udi, huona kwamba alama yake imefifia na yafaa kuitia upya. Klorini ya kufulia nayo tunaiogopa, kwani ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kubana kifua, na nyumba yenye mgonjwa au mtoto mchanga haistahiki hewa hiyo. Kilicho bora ni kuukausha mkojo mbichi kwa kitambaa cha kutupwa, kuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, kupitisha maji safi, kisha kufuta kwa siki iliyochanganywa na maji ili kuikata harufu. Atafute alama hizo kwa urefu wa shibiri moja hivi kutoka sakafuni, si sakafuni penyewe, na asisahau miguu ya makochi na pindo la pazia.

Urefu huo wa shibiri una habari yake. Paka anayekwenda haja huchutama, akamwaga mkojo mwingi chini, na akipata mchanga huufukia. Huyu wa barua hafanyi hivyo. Anasimama, anaupa ukuta mgongo, anainua mkia ukitetemeka nchani, anarusha kidogo tu, kisha anakwenda zake. Hiyo si haja. Hiyo ni alama. Paka huijua dunia yake kwa harufu. Anapojisugua shavu kwenye mlango au kwenye mguu wako ukirudi sokoni, anaweka harufu yake mahali anapopaona kuwa ni kwao na pana amani. Anaporusha mkojo, mara nyingi ni kwa sababu amani hiyo imetikisika: kumeingia harufu ngeni, au kiti chake kimeondolewa, au kuna mwenziwe nje anayemtishia. Anaijaza nyumba harufu yake ili apate kuitambua tena.

Sisi wenyewe hatukuyajua haya kwa kusoma. Tulikuwa na paka, watoto wakimwita Marashi, jina ambalo baadaye lilitufanya tuchekwe na jirani. Binti yetu alirudi nyumbani kujifungua, akakaa kwetu mpaka akatimiza arubaini yake. Nyumba ikajaa. Wageni asubuhi na jioni, mkandaji, mtoto akilia usiku, makochi yakasukumwa kupisha kitanda, na kile chumba alichozoea kulala Marashi kikafungwa mlango. Siku ya nne alirusha mkojo kwenye mguu wa kitanda. Siku ya sita, kwenye mfuko wetu wa vitabu. Tukamchapa kandambili. Twakiri haya mbele ya wasomaji wetu, sisi tunaowahubiria wenziwetu huruma. Kesho yake alirusha mara mbili, na tangu hapo kila tulipoingia ndani alikimbilia chini ya kabati. Tulikuwa tumeongeza hofu juu ya hofu, tukashangaa kwa nini mkojo haukomi.

Aliyefumbua fumbo ni mama watoto, si sisi. Aliona kwamba kila Magharibi shume mmoja mkubwa, mwenye sikio lililoraruka, hukaa juu ya ukuta wa uwani akitazama dirishani. Marashi alikuwa amezingirwa ndani na nje. Basi akafunga kibao cha chini cha dirisha lile, akaacha kumwaga mabaki ya samaki uwani yaliyokuwa yakimwita yule shume, akamtandikia Marashi kanga kuukuu juu ya kabati, mahali pa juu asipofikiwa na mtoto wala mgeni, na akawa anampa chakula saa zile zile za zamani hata nyumba ijae vipi. Alichukua pia kitambaa laini, akampangusa nacho mashavuni, kisha akakipitisha kwenye ile miguu ya kitanda iliyokwisha kuoshwa. Tukamcheka. Kwa muda wa wiki tatu hivi alama zikapungua, kisha zikakoma. Vitabu vyetu havikupona vyote.

Turudi kwa dada yetu. Barua yake imetaja Rajabu mara mbili: paka alianza Rajabu, na mavyaa alihamia Rajabu. Hatusemi hayo ili mama mkwe alaumiwe. Yeye ni mgonjwa na ni mzazi, haki yake katika nyumba hiyo iko juu ya haki ya paka kwa daraja nyingi. Tunasema kwamba kuna kitanda kipya, dawa za kuchua, watu wanaokuja kumjulia hali, na tunadhani pia, kwa namna barua ilivyoandikwa, kuna sauti zinazopanda. Paka husikia sauti hizo. Jini hahitajiki hapa. Hatukanushi kuwepo kwa majini, Qur'ani imewataja, lakini kumbandika jini kila mnyama aliyefadhaika ni kumdhulumu mnyama, na shilingi 3,000 za mtu wa kutoa jini zina njia bora zaidi.

Njia hiyo ni daktari wa mifugo, tena kabla ya jambo jingine lolote. Hofu na dhiki peke yake huweza kukivimbisha kibofu cha paka hata bila ya vijidudu, na paka mgonjwa huweza kukojoa ovyo tukadhani anatia alama. Dume ana hatari zaidi kwa kuwa mrija wake ni mwembamba. Akionekana anachutama tena na tena pasitoke kitu, analia, anajilamba sana sehemu za siri, au mkojo una damu, asingojewe mpaka asubuhi. Mkojo ukiziba, siku moja au mbili zinatosha kumuua.

Daktari huenda akapendekeza ahasiwe. Mama huyu hakutuambia kama amehasiwa, nasi tunakisia hajahasiwa, kwani madume wazima ndio warushaji wakubwa, na wengi wao huacha au hupunguza sana baada ya kuhasiwa. Tunaulizwa suala hili kila mara na hatutalikwepa. Wanazuoni wa madhehebu yetu walikaza kwa mnyama asiyeliwa, wakaona kumhasi hakujuzu. Wanazuoni wa Kihanafi waliruhusu pale penye maslahi au pa kuondoa madhara. Na wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu paka ahasiwe iwapo haimdhuru, wakiona ni bora kuliko kuuawa au kutupwa. Wale wa zamani walikuwa wakizungumzia kisu kikali na mnyama aliye macho. Leo kuna dawa ya usingizi na daktari aliyesomea. Rai yetu, na mwenye rai nyingine tunamheshimu, ni kwamba ikiwa kuhasiwa ndiko kutakakomweka paka huyu nyumbani, na kutotupwa, basi ahasiwe kwa mkono wa daktari, wala dada yetu asione uzito moyoni.

Kuhusu lile gunia. Mume wake huenda akasema, na kwa haki, kwamba ile Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka ni ya aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, na kwamba yeye anamwachia, hamfungii. Ni kweli kwamba mambo hayo mawili si sawasawa, nasi hatutamtisha mtu kwa Hadithi isiyolingana na kitendo chake. Lakini paka huyu amelishwa kwa mkono tangu hajafumbua macho. Ukimfungua ng'ambo ya Likoni, katikati ya magari na mashume wenye milki zao, hujui unamwachia nini. Kumwachia ajitafutie hakuna maana ikiwa unajua hawezi. Kama nyumba imeshindwa naye kweli, na hilo huweza kutokea, basi atafutiwe mtu wa kumchukua kwa hiari yake, akiwa ameambiwa aibu ya paka waziwazi kama anavyoambiwa mnunuzi aibu ya bidhaa. Kwa hivyo, ndiyo, akinyamaza tu ilhali anaweza kusema, tunamwogopea. Na aseme kwa upole, wakati mume ameshiba, si wakati anapofuta pazia.

Zimebaki wiki tatu kabla ya Ramadhani. Zinatosha kwa kuanza, huenda zisitoshe kwa kumaliza. Tunamshauri aanze na daktari wiki hii. Nyumba ioshwe namna tuliyoeleza, na pazia lile lishushwe kabisa kwa muda. Paka apate kona yake mbali na chumba cha mavyaa, mahali pa juu, na karai mbili za mchanga badala ya moja, zikae mbali na chakula chake, na mchanga usafishwe kila siku. Mtu yeyote wa nyumbani asimpigie kelele wala kumsugua pua kwenye mkojo wake. Na kuna jambo moja dogo ambalo mama watoto amesisitiza tuliandike: mavyaa ndiye awe anampa samaki wake wa jioni. Anyooshe mkono tu, asimshike, mpaka paka mwenyewe aje.

Mume naye tunamwomba avute subira mpaka Idi. Gunia lile hapo kati litiwe nazi za futari.

Tunasubiri barua ya pili. Wabillahi tawfiq.